Hatua Sita Hadi Kabatini

Sehemu ya tisa

Barua zenu nimezipata. Wapo waliotaka kujua kama mle kabatini mna panya aliyekufa, na yupo bwana mmoja wa mkono wa kuandikia mzuri sana aliyeapa kwamba ni maiti. Tulieni. Tulimwacha Ademar Techera, fundi makochi wa La Unión hapa Montevideo, mkono uko kwenye kitasa cha kabati la nguo alilorithi mkewe, na harufu ya uvundo inampiga puani. Leo anafungua.

Akafungua.

Hapakuwa na panya wala maiti. Palikuwa na vyungu vitatu vya plastiki, kama alivyoviacha, na ndani yake miche mitatu ya bangi yenye umri wa wiki tatu. Miwili ilikuwa imelala chini, shina limelainika kama mchicha uliochemshwa. Udongo ulikuwa umeota manyoya meupe. Aliposogeza chungu cha kwanza, kundi la visubi liliruka likamwingia machoni.

Mche wa tatu ulikuwa umesimama. Majani yake, ambayo juzi yalikuwa kijani, yalikuwa manjano.

"Mzee," sauti ya Zulma ikatoka chumbani. "Watoto hawajambo?"

Ademar alitazama wale wawili waliolala.

"Hawajambo. Wanaendelea vizuri."

Huo ni uongo, msomaji, na nakuomba uukumbuke, maana ni mdogo na umesemwa kwa mapenzi, na ndio utakaotuangamiza.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Zulma ni mkewe Ademar kwa miaka arobaini na moja. Maradhi yamemkaa mifupani na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, kiasi kwamba anaona mwanga na kivuli tu. Dawa za hospitali zinampa kizunguzungu, maumivu haziyagusi. Mwezi wa tatu jirani yao Wilmar aliwapa kichupa cha mafuta aliyoyatengeneza kwa bangi aliyovuna kwenye paa la jengo. Matone manne chini ya ulimi, na Zulma akalala saa saba mfululizo. Ademar alikaa pembeni ya kitanda akimsikiliza anavyokoroma, akalia kama mtoto.

Kichupa kimoja hakidumu. Wilmar hana kingine, na majira ya baridi haya hakuna kinachoota paani. Ademar akaenda posta akajiandikisha kupanda bangi nyumbani; kwetu sheria inaruhusu, ila mtu huchagua njia moja tu, na aliyechagua kupanda haendi tena kununua duka la dawa. Alichagua kupanda kwa sababu mafuta yanataka maua mengi. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuotesha hata kitunguu.

Nyumba yao iko upande wa ndani wa jengo, jua wanaliona Januari tu, tena kwa kuchungulia. Ndiyo maana miche imo kabatini.

Sasa ulikuwa umebaki mmoja, na kichupani mafuta yalikuwa ya upana wa kidole.

"Ni taa," alisema Wilmar.

Wilmar alikuwa ameitwa haraka, akaja na ndara za chumbani, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya yerba, mkono mmoja na thamosi imebanwa kwapani. Thamosi hiyo nadhani alizaliwa nayo. Alichungulia kabatini, akafyonza mrija, akatikisa kichwa.

"Hiyo si taa unayoshonea makochi?"

"Ndiyo hiyo."

"Jirani, hiyo ni taa ya kusomea gazeti. Mmea haujui kusoma."

"Ulisema taa yoyote itatosha kwa kuanzia."

"Nilisema kwa kuanzia. Wewe ungeamka kila siku ukakuta giza, ungekuwa na rangi gani?"

"Sema polepole. Zulma anasikia."

"Hajui?"

"Nimemwambia wanaendelea vizuri."

Wilmar akamjazia mate, akampa kibuyu.

Ademar alivaa koti akatoka mbio kwenda kwa Yanina. Yanina ana duka la vifaa vya kupandia, kiduka chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na la kukatia nywele, hapo hapo barabara kuu. Ana umri wa kuwa mjukuu wake na amejichora majani mpaka shingoni. Yeye ndiye aliyemuuzia mbegu na udongo.

"Mzee Ademar, watoto hawajambo?"

Kila mtu alikuwa akiuliza swali lile lile. Ademar alihisi kama amesimama mbele ya hakimu.

"Wawili wamekufa. Nataka taa."

Yanina hakumlaumu. Alitoa taa mbili akaziwasha juu ya meza ya duka. Moja ilikuwa nyeupe kama ya buchani. Nyingine ilitoa mwanga wa zambarau uliowafanya wote wawili waonekane wametoka kaburini.

"Zote zitakufaa," alisema. "Unaning'iniza juu, mkono mmoja kutoka kwenye majani, usizidishe ukaribu yataungua. Saa kumi na nane inawaka, sita inazimwa walale. Ila mimi ningechukua nyeupe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utaona. Chini ya hii ya zambarau kila jani linakuwa jeusi. Mmea unaweza kuumwa wiki nzima wewe unaupigia mluzi."

Maneno hayo yalikuwa wazi, msomaji. Wewe umeyasikia, mimi nimeyasikia. Ademar pia aliyasikia, lakini kichwani mwake kulikuwa na jambo lingine.

"Binti, mtu mwenye mtoto wa jicho, ipi ataiona zaidi?"

Yanina alizitazama zote mbili. Akaipunguza sauti.

"Nyeupe atadhani ni dirisha tu. Hii ya zambarau, hata kwa mtu aliyefumba macho inaingia."

"Nifungie hiyo."

Mchana huo huo aliitundika ndani ya kabati kwa mkanda wa kiti cha zamani, akaacha mlango wazi kidogo, akamwita Zulma ageuze kichwa. Kabati limesimama kwenye chumba cha kazi, mkabala na mlango wa chumba cha kulala. Kutoka kitandani hadi hapo ni hatua sita. Zulma akageuza kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Ninaiona," alisema. "Mzee, ninaiona kweli. Ni rangi ya lile gauni la mama yako la kanivali."

"Jengo zima linaiona," Wilmar alijibu kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya uwazi wa katikati ya jengo. "Yule mama wa ghorofa ya tatu ameniuliza mmefungua danguro au kanisa."

"Mwambie kanisa linafunguliwa saa kumi na mbili," Zulma alijibu, naye Ademar akahisi mtu amemwondolea gunia mgongoni.

Siku tatu gunia lilikaa chini.

Siku ya nne alitoa mche wa tatu akausogeza dirishani ili auone kwa mwanga wa kweli. Ulikuwa wa manjano zaidi kuliko mwanzo. Ncha za majani zilikuwa zimekunjamana na kukauka, ukungu mweupe ulikuwa umepanda mpaka kwenye shina, na visubi vilikuwa vimezaana.

Kwa hiyo haikuwa taa.

"Basi ni udongo," alisema Wilmar, bila aibu hata chembe. "Nilijua."

"Ulisema taa."

"Nilisema taa kwanza. Yule binti amekuuzia udongo mbovu, jirani. Umeoza tangu dukani. Mimi ningemrudishia leo leo, nikamwagia mezani."

Ademar si mtu wa ugomvi. Miaka arobaini amepokea makochi yaliyokojolewa na paka na hajawahi kumfokea mteja. Lakini siku hiyo alichota udongo kwa kijiko, akaujaza kwenye chupa ya mayonesi, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaenda.

"Nataka unieleze," alimwambia Yanina, akaiweka chupa mezani kwa kishindo. Wateja wawili wakageuka. "Mke wangu anaumwa. Sikuja hapa kununua starehe. Umeniuzia nini?"

Yanina alitandaza gazeti mezani, akafungua chupa, akaumwaga udongo wote. Uso ukamkunjana kwa harufu. Akaanza kuutawanya kwa kidole, polepole, kama mama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Huu mweusi mwepesi ni wangu," alisema. "Na hizi chembe nyeupe ni zangu, zinaacha maji yapite, mizizi ipumue. Udongo wa mche mchanga hautakiwi uwe na nguvu wala uzito. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Hizi si zangu."

Alikuwa ametenga kirundo kidogo pembeni. Kilikuwa cha kijani kilichofifia, kimelowa, kimeshikana kama unga wa ugali uliomwagikiwa maji. Akakichukua kwa ncha ya kidole, akakinusa, akamsogezea.

Ademar alinusa. Ilikuwa yerba. Majani ya mate iliyokwisha kunywewa.

"Mzee Ademar, umemwaga mate kwenye vyungu."

"Mimi?"

"Usione haya. Nusu ya wanaoniletea mimea iliyokufa wamefanya hivyo. Bibi zetu wote wanamwagia maua ya dirishani, na kule nje inafaa, kuna upepo, kuna jua, kuna mvua. Ndani ya kabati lililofungwa, kwenye chungu cha ukubwa huu, inachacha. Ukungu unakuja kula, visubi vinakuja kutaga, mche unakosa hewa. Unaulisha mpaka unakufa."

"Binti, nakuapia kwa mama yangu. Sijamwaga hata—"

Kidole cha Yanina kilikuwa kimeibua kitu kingine kutoka kwenye kile kirundo, kichwa cha ua kidogo, cha manjano, kikubwa kidogo kuliko punje ya mtama.

Marcela.

Mnaijua marcela, ile inayochumwa mashambani alfajiri ya Ijumaa Kuu kabla umande haujakauka, ikafungwa mafungu, ikatundikwa jikoni mwaka mzima. Ademar hanywi mate yenye marcela. Anakunywa yake kali bila kuitia kitu, anasema maua ni ya watu wa tumbo bovu. Katika nyumba ile mtu mmoja tu anatia marcela kwenye kibuyu chake.

"Ni nani?" Yanina aliuliza.

"Mke wangu."

Wale wateja wawili walianza kutazama mbegu kwa bidii sana.

"Mwambie tu," alisema Yanina. "Ataelewa."

"Haoni, binti. Hawezi kutembea. Anafikaje pale?"

Yanina alimpa udongo mpya, mfuko mdogo, akakataa kulipwa. Akamweleza ang'oe mche leo leo, auoshe mizizi taratibu, aupande upya, aumwagilie maji kidogo tu baada ya siku mbili. Halafu akachukua kalamu nene akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HAPA HAPAMWAGWI MATE. Akamwambia aibandike mlangoni pa kabati. Ademar aliikunja akaitia mfukoni kwa heshima. Hakuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba msomaji wake ni kipofu.

Alikuta nini nyumbani? Alimkuta Zulma amekaa kwenye kiti cha kushonea, mbele ya kabati, uso wote zambarau.

"Umefikaje hapo?" aliuliza, mfuko wa udongo umemtoka mkononi.

"Kwa miguu. Ulidhani nimeruka?"

"Ungeanguka, Zulma."

"Nimekuja hapa kila siku tangu ulipopanda, sijaanguka. Ukienda kuchukua mkate asubuhi, nakuja. Nashika kitanda, nashika mlango, nashika meza yako. Sita kwenda, sita kurudi. Ukitia ufunguo mlangoni mimi niko kitandani nimejifunika kama mtakatifu."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekushika."

"Ndiyo maana sikukuambia." Akanyoosha mkono hewani, akapata mkono wake. "Wote mnanishika. Nesi ananishika, wewe unanishika, Wilmar akipita kuazima chumvi ananishika. Nimekuwa kama mzigo wa posta. Hapa nakuja mwenyewe."

Ademar alichuchumaa. Magoti yake yalilia.

"Na ukifika unafanya nini?"

Jibu alilijua, lakini aliuliza kama mtu anayebonyeza jino bovu.

"Nawapa chakula," alisema Zulma, na uso wake ukawa wa msichana wa miaka ishirini. "Ile yerba ya asubuhi. Nachimba kidogo kwa kidole, natia, nafukia, kama mama alivyokuwa akifanya. Unakumbuka maua yangu ya kwenye baraza tulipokuwa tunakaa Maroñas? Watu walikuwa wanapita makusudi wayaone. Majani siyagusi, ulinikataza. Nagusa udongo tu." Akafinya mkono wake. "Ulivyosema wanaendelea vizuri, nikasema, basi nami bado ninafaa kwa kitu."

Hapo ndipo pa kusema, msomaji. Neno moja tu, na mche ule ungepona bila hila. Najua unamfokea hapo ulipokaa. Mimi nilimfokea pia.

"Ndiyo," alisema Ademar. "Una mkono wa kuotesha."

Mchana ule, Zulma aliposinzia, alifanya kila alichoagizwa. Aliosha mizizi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa mikono yake minene ya kuvutia ngozi za makochi, akaupanda mche kwenye udongo mpya, akauficha kwenye kona ya nyuma ya kabati. Mbele, pale mkono wa Zulma unapofika, akaweka vyungu viwili vya wafu, vilivyojaa udongo na havina mche. Alipanga hivi: Zulma aje, alishe, arudi kitandani akiwa na furaha yake, na mche ubaki salama.

Siku tano mpango ulikwenda. Kila asubuhi alitoka kwenda kuchukua mkate, akakaa kwenye ngazi za jengo robo saa zaidi ili asimharakishe. Kila aliporudi alikuta vidole vya Zulma vina udongo na uso wake umetulia. Kila siku alichokora yerba kwenye vyungu vya wafu akaitupa. Alijiona mjanja. Alijiona mwizi pia.

Kichupani mafuta yalikuwa yamebaki ya kupaka ulimi.

Siku ya tano jioni, Zulma amelala, Ademar alifungua dirisha la jikoni. Wilmar alikuwa dirishani kwake anavuta sigara.

"Vipi mwanao?" aliuliza Wilmar.

"Kesho ni siku ya sita. Yule binti alisema ukipona utatoa jani jipya kufikia wiki."

"Na Zulma bado analisha?"

"Analisha vyungu vitupu."

Wilmar alicheka kwa moshi. "Kwa hiyo unampa mkeo wafu awanyonyeshe. Jirani, wewe si mtu wa mchezo."

"Ningefanyaje? Nimwambie amewaua kwa mkono wake? Anatoka kitandani kwa sababu yao tu. Nikimwambia, hatoki tena."

"Na ukipona mche, miezi mitatu na nusu mpaka maua. Kichupa je?"

"Kinaisha leo."

"Basi unafanya yote haya ya nini?"

Ademar alifunga dirisha, akamtilia Zulma matone mawili ya mwisho chini ya ulimi, akakisuuza kichupa kwa maji ya moto na hayo maji akamnywesha. Zulma hakusema kitu. Ademar alidhani ni usingizi.

Aliyejenga jengo lile, msomaji, alijenga uwazi wa katikati ili watu wapate hewa. Hewa haiingii. Inayoingia ni sauti, na dirisha la chumba cha kulala linatazama hapo hapo linapotazama la jikoni. Zulma macho yake yamekufa. Masikio yake hayajafa.

Asubuhi Ademar alikwenda kuchukua mkate, akakaa kwenye ngazi, akarudi. Vyungu vya mbele vilikuwa vikavu. Hakuna aliyevigusa.

Alisimama mlangoni pa chumba. Zulma alikuwa macho, chali, kibuyu cha mate kimekaa kifuani pake, kimejaa yerba iliyokwisha ladha, maua ya marcela yamevimba juu yake.

"Hujaamka?" aliuliza kwa sauti ya kujichangamsha.

"Chukua hii," alisema Zulma. "Kaitupe kwenye ndoo ya taka."

Ademar hakusogea.

"Wawili," alisema tena, polepole, maana maumivu yalikuwa yamekwisha kurudi na kila neno lilipita juu yake. "Nimewaua wawili. Na ulivyoniona nakuja kuwaua tena ukasema nina mkono wa kuotesha."

"Sikutaka uumie."

"Siku ya kwanza kabisa nilikuuliza hawajambo. Ungesema wanaumwa, ningeacha siku ile ile. Mimi si mjinga, mzee. Ningeacha."

Ademar alijua kwamba angeacha. Alikuwa ameshajua kwenye ngazi, siku zote tano, na hakuna siku aliyopata ujasiri. Alichukua kibuyu kutoka kifuani pake, akakipeleka jikoni, akakigonga kwenye ukingo wa ndoo mpaka kikatoka chote. Akabaki amesimama pale na mikono yake haina kazi. Dawa ya kumpa hakuwa nayo. Wilmar hakuwa na mafuta, Yanina hakuwa na udongo wa kuponya hili.

Kwa kukosa la kufanya, akaenda kabatini.

Akapitisha mkono nyuma, akautoa mche wa tatu kwa mikono miwili, akauinua chini ya taa. Katikati ya yale majani ya zamani kulikuwa na kitu. Kidogo, kimekunjwa, ncha mbili kama za kalamu. Kilikuwa jani jipya. Lakini lilikuwa na rangi gani? Chini ya ile taa lilikuwa jeusi, kama kila kitu kilivyo cheusi chini ya ile taa, na hapo ndipo maneno ya Yanina yalipomrudia yote.

"Zulma," aliita, akaita tena. "Mche umetoa jani."

Akainua sauti.

"Jipya kabisa. Njoo uguse. Ni kijani."

"Ulisema wanaendelea vizuri wale wawili walipokwisha kuoza."

"Safari hii ni kweli."

"Ni kijani?"

Ademar alitazama ile ncha nyeusi. Dirisha lilikuwa upande wa pili wa chumba, pale penye mwanga wa Julai wa rangi ya majivu. Hatua tatu tu na angejua.

"Sijui," alisema. Ulikuwa ukweli wa kwanza kuutoa katika nyumba ile kwa siku kumi. "Kwa taa hii siwezi kujua. Inaweza kuwa kijani. Inaweza kuwa manjano. Ngoja nikuletee hapo kitandani, tufungue pazia tuone."

"Usiniletee."

"Huna dawa mwilini leo, Zulma. Ya mwisho ulikunywa jana. Usijaribu."

"Usiniletee, na usinishike. Kaa hapo hapo."

Springi za kitanda zikalia. Ademar alisikia pumzi ndefu, na baada yake sauti ya kiganja kikishika mbao za kitanda. Alitaka kukiweka chungu chini akimbie. Lakini mara ngapi amemdanganya kwa kumhurumia? Alibaki amesimama, chungu kwenye mikono yote miwili, mgongo umeelekea chumbani, uso uko kwenye mwanga wa zambarau, akiamini kwamba akigeuka tu atamwangusha.

Hatua ya kwanza. Nyayo zilikokota sakafuni.

Ya pili. Kiganja kiliachia kitanda.

Ya tatu ilikawia, akamsikia anahema kwa mdomo, na mkono ukipapasa ukuta kuutafuta mlango.

Ya nne. Mlango ulilia kwenye bawaba zake, kama unavyolia mtu anapouegemea kwa uzito wake wote.

Ademar alifumba macho akasubiri ya tano.